Waya Tuliouficha Ukutani

Juma lililopita mwalimu mwenzangu wa miaka mingi alinialika nyumbani kwake, hapa Garissa, nikaione sebule aliyomaliza kuijenga. Ni mtu mkarimu, na kabla hatujaandaliwa wali na nyama ya mbuzi alinishika mkono akanipeleka katika chumba alichokiita "sinema yangu". Televisheni pana ilikuwa imetundikwa ukutani. Spika mbili zimesimama kando yake kama askari wa lindo, ya tatu imelala chini yake, mbili nyingine zimepachikwa nyuma ya waketi, na ile kubwa ya mvumo mzito imejibanza pembeni penye mito. Akawasha. Msomaji mpenzi, nisikufiche, sauti ilikuwa tamu. Mvua ya kwenye filamu ilinyesha pande zote za chumba hata nikajigusa bega kuona kama nimelowa, na hiyo si neema ndogo kwa mtu aishiye katika mji ambao siku za mvua huhesabiwa kwa vidole.

Lakini mwenyeji wangu hakujivunia sauti. Alijivunia ukuta. "Tazama vyema, maalimu," akaniambia, "unauona waya wowote?" Nikatazama, sikuona. Ukuta ulikuwa mweupe na laini kama yai kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Zimepita wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Ndiyo maana huzioni!"

Nikamwuliza tena, safari hii bila kucheka: nyaya hizi zimepita wapi, kimo gani kutoka sakafuni, na je, zimetengwa na zile za umeme wa soketi? Akakuna kidevu. Fundi alikuwa kijana mpita njia, akachimba, akapitisha, lipu ikapakwa, rangi ikafuata, na fundi akaenda zake Wajir kutafuta kazi nyingine. Nambari yake ya simu haipatikani. Mwenye nyumba hajui kilichomo ndani ya ukuta wake mwenyewe.

Wali ule niliula bila ladha. Mwenzangu alidhani nimeona wivu, na huenda hata sasa anadhani hivyo. Kwa hiyo nimeona nimweleze, na nikueleze nawe, kwa nini ukuta msafi hunitia hofu. Na kabla sijaendelea, nisieleweke vibaya na wale wasomao haraka: spika ninazozizungumzia hapa si wale mabwana na mabibi wa Bunge.

Watu wa sehemu hizi ni watu wa sikio. Mimi ni mzaliwa wa Pwani, nilikuja Garissa mwaka 1988 na chaki mkononi, na kitu cha kwanza nilichokishangaa ni jinsi watu walivyojua kusikiliza. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, na nilipofika hapa ilikuwa imekwisha kuwa kama mwito wa pili wa jioni. Wazee walikusanyika mbele ya duka, redio moja ikawekwa juu ya gunia la sukari, na hapana aliyethubutu kukohoa mpaka habari ziishe. Kaseti za mashairi na nyimbo zilisafiri kwa malori, zikanakiliwa, zikapigwa tena na tena hata utepe ukalia kama mbuzi. Yule anayesema kwamba spika tano sebuleni ni kiburi cha kigeni hajui historia ya sikio la mtu wa Kaskazini Mashariki.

Tena vyumba vya hapa vimeumbwa kwa sauti. Fikiri jinsi sebule ya Garissa inavyopambwa: zulia kutoka ukuta hadi ukuta, magodoro membamba na mito iliyopangwa pande tatu, mapazia mazito yenye marinda, na watu wameketi chini. Ukuta mtupu wa saruji huirudisha sauti, na bati huipigia kelele. Lakini nguo, sufi na pamba huimeza ile ziada, ndipo neno la mwigizaji likafika sikioni likiwa neno moja, si mwangwi wa maneno matatu. Watu wa Ulaya hununua vipande maalumu vya sponji wakavibandika ukutani ili wapate kile ambacho mama wa nyumba wa Garissa amekitandika kwa sababu ya heshima ya mgeni.

Taabu ni kwamba chumba hicho hicho hakina mahali pa kuuweka waya. Palipo na makochi na makabati, waya hupita nyuma yake usionekane. Hapa sakafu ndiyo kiti, ndiyo meza, ndiyo kitanda cha mgeni na uwanja wa mtoto. Waya ukilazwa chini ya zulia utakaliwa, utakanyagwa, utaegemewa kwa kiwiko saa tatu mfululizo. Ngozi yake ya plastiki itachubuka usiione, shaba yake itakatika uzi mmoja mmoja. Ukiachwa juu ya zulia, mtu ataukwaa akiwa amebeba sinia ya chai. Ndiyo maana kila mwenye sebule hapa hatimaye huutazama ukuta. Nami niliutazama.

Ulikuwa mwaka 2011. Jirani yangu, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa amerudi safari na furushi la spika na amplifaya. Kwa siku kadhaa nyaya zilitambaa chumbani mwake kama nyoka, na mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kusema mara mbili, akasema mara moja kwamba ama nyaya zitaondoka ama yeye ataziondoa pamoja na mwenyewe. Jirani akanijia. "Maalimu, wewe hufundisha umeme. Nifichie nyaya hizi." Sikuwa fundi, lakini ni mwalimu gani wa fizikia anayekataa kuitwa fundi mbele ya watu?

Nikapeleka patasi na nyundo. Ukuta wa matofali ya saruji ni mgumu, jua la Garissa ni jua la Garissa, na baada ya kuchimba urefu wa hatua tatu mikono iliota malengelenge. Hapo ndipo nilipoona kwamba tayari mlikuwa na bomba la plastiki ukutani, limezikwa kijuujuu tu chini ya lipu, limebeba waya wa umeme wa kwenda kwenye soketi ya upande wa pili. Lilikuwa na nafasi. Nikaupitisha waya wa spika humo humo, bega kwa bega na umeme wa volti 240, nikaziba tundu, nikapaka rangi. Nikasifiwa. Nikaandaliwa chai yenye iliki. Tangu siku ile spika za nyuma zilikuwa na mvumo mdogo usiokoma, kama nyuki aliyefungiwa koponi, nami nikawaambia kwamba ndivyo zilivyo spika za bei hiyo. Nilijua si kweli. Mkondo wa umeme wa soketi hubadilika mara 50 kwa nukta, na waya ulio kando yake huvunwa na badiliko hilo. Ule mvumo ulikuwa ukiniambia nilichokifanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliyaficha maradhi yangu kwa rangi ya maziwa.

Miezi minne baadaye ikaja Idi. Desturi ni kwamba kabla ya Idi mazulia hutolewa nje yakafuliwa, sakafu ikaoshwa, kuta zikapanguswa. Siku hiyo umeme ulikatika tangu alfajiri, jambo ambalo halikumshangaza mtu, maana wakati ule mji wetu haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa. Ulitegemea jenereta za dizeli, nazo zilikuwa na nyakati zao za kuchoka. Kijana mmoja wa nyumbani akapigilia msumari mrefu ukutani ili atundike saa mpya. Hakuona cheche, kwa kuwa hapakuwa na umeme wa kutoa cheche. Msumari ukapita kwenye lipu, ukapenya bomba, ukapenya waya wa moto wa umeme na waya wa spika, ukavishikilia vyote viwili kama sindano ishikavyo nguo mbili. Haukuugusa ule waya wa pili wa umeme. Ungeugusa, umeme ungeporudi fyuzi ingeungua papo hapo na hadithi hii isingekuwapo.

Binti wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akipangusa vumbi nyuma ya spika. Miguu mitupu, sakafu imelowa, kitambaa kimelowa, na kidole kimefika pale nyuma ambapo ncha za shaba huwa wazi. Umeme ukarudi.

Sikuwapo. Niliyoyajua niliyasikia kwa mamaye. Mtoto hakupiga kelele. Alikakamaa na mkono ukakataa kuachia. Mama alimrukia amvute, na kama angemgusa tungezika wawili. Dada yake mkubwa, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, ndiye aliyepaaza sauti, "Mama, usimshike!" Akautwaa ufagio wenye mpini wa mti mkavu, akaupiga ule mkono mara moja, mara mbili, ukaachia. Kisha akakimbia kuzima swichi kuu. Mtoto akalazwa hospitalini usiku mmoja, akarudi akiwa na kovu kiganjani, na kovu hilo lipo hadi leo.

Nilimfundisha yule dada habari ya mpini wa mti mkavu muhula uliotangulia. Niliitaja kwa sentensi moja, kengele ikalia, nikatoka. Sijui ningemfundisha kwa bidii gani kama ningelijua kwamba mtego alioutegua niliutega mimi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Hapa nawaomba walimu wa fizikia mnivumilie, na wanafunzi mtoe kalamu. Waya wa spika wenyewe ni mpole. Amplifaya ikitoa wati 50 kwenye spika ya omu 8, nguvu iliyomo kwenye waya haizidi volti 20 hivi, na mkondo ni ampea mbili na nusu. Ndiyo maana ncha zake huachwa wazi nyuma ya spika, na ndiyo maana ngozi yake ni nyembamba: haikutengenezwa kuzuia volti 240. Ukiulaza pamoja na waya wa umeme umemlaza mwana-kondoo na fisi, ukitumaini kwamba ukuta wa karatasi baina yao utadumu. Amplifaya ya jirani ilikuwa na plagi ya miguu miwili, haina waya wa ardhi, kwa hiyo umeme uliopotea njia haukuwa na pa kuteremkia ila mwilini mwa mtoto. Na ile nyumba haikuwa na kikatizi kinachohisi mvujo. Kifaa hicho, ambacho kwa nyumba za kawaida hukata umeme mvujo unapofika miliampea 30, kingekata kabla ya moyo kudhurika. Fyuzi ya kawaida haiwezi. Hiyo hungoja ampea nyingi, na kumuua mtu huhitaji sehemu ndogo sana ya ampea moja.

Nilipolieleza jambo hili darasani, bila kusema mkosaji ni nani, nikauliza ni nani aliye na waya wa spika nyumbani. Mikono ikanyanyuka mingi kuliko nilivyotarajia, nikafurahi kwamba muziki umeenea. Kumbe sivyo. Walikuwa wakiutumia kuvuta umeme! Taa ya jikoni imefungwa kwa waya wa spika. Friji ya duka imevutiwa umeme kutoka kwa jirani kwa waya wa spika, kwa kuwa ni rahisi, ni mwembamba, na hufichika upesi chini ya mkeka.

Basi tukapiga hesabu, na hesabu hiyo mwalimu yeyote aweza kuirudia kesho asubuhi. Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.5, urefu wa mita 10. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo shaba ni mita 20, na ukinzani wake ni kama omu 0.7. Sasa chomeka birika la umeme la wati 2,000. Kwa volti 240 litavuta ampea zipatazo 8.3. Zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: utapata joto la wati 48 hivi ndani ya waya uliokusudiwa kubeba ampea tatu. Ni joto la balbu ya zamani, limelazwa chini ya zulia ambalo watu wamelikalia. Na fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi haitashtuka hata kidogo, kwa kuwa kwa hesabu yake hapana kosa lililotendeka.

Hesabu hiyo hiyo ina faida kwa mwenye kutaka sauti njema. Waya ule wa milimita mraba 0.5 ukipelekwa kwenye spika ya omu 8 utameza karibu asilimia 8 ya nguvu yote njiani. Ukipelekwa kwenye spika ya omu 4, karibu asilimia 15. Nunua wa milimita mraba 1.5 na hasara hupungua hadi chini ya asilimia 3 kwa ile ya kwanza. Wenye maduka husifia nyaya za bei ya ngamia zenye mapambo ya dhahabu. Unene na urefu ndivyo vyenye maana kwa sebule zetu. Dhahabu mwachie bibi harusi.

Na sasa lile swali lenyewe, waya upite wapi. Baada ya Idi ile nilirudi kwa jirani kwa haya, nikaung'oa waya wangu, na safari hii nikatafuta fundi wa umeme mwenye cheti nikae nimwone afanyavyo. Hakuchimba ukuta hata mara moja. Alibandika kijisanduku chembamba cha plastiki, chenye kifuniko cha kufungua na kufunga, juu kidogo ya sakafu, kikizunguka chumba nyuma ya mito na magodoro. Mbele ya mito hukioni. Ukiondoa mto unakifungua kwa ukucha. Mlangoni hakupita chini ya zulia, alipanda na fremu, akavuka juu, akateremka upande wa pili. Waya wa umeme na waya wa spika aliviacha mbalimbali, kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na pale vilipolazimika kukutana alivikatisha kama msalaba, visifuatane. Mvumo wa nyuki ukafa siku ile ile. Mke wa jirani alikuja, akainama, akatazama nyuma ya mto, akasema, "Hii naweza kuifungua mwenyewe." Sijapata kusikia sifa ya fundi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kwenye ukingo wa mto Tana ushauri huu wataka tahadhari. Wenye nyumba za bondeni wanakumbuka mafuriko ya 1997 na yale ya 2023 na 2024, na waya uliokaa sakafuni hunywa maji kabla ya mwenye nyumba kupata habari. Huko ni afadhali kijisanduku kipande juu, usawa wa kiuno, hata kama kitaonekana. Wengine hukimbilia dari. Dari zetu zina popo, zina panya wanaotafuna plastiki kama miwa, na juu yake lipo bati. Plastiki ya kawaida ya nyaya huhimili shaba ikifika nyuzi 70 za Selsiasi. Bati la saa nane mchana katika Februari ya Garissa huanza kuila akiba hiyo kabla hujawasha kitu. Ukipita darini, pita ndani ya bomba, na uliweke bomba mbali na bati.

Na anayetaka lazima kuzika ukutani? Azike, lakini kwa adabu. Kanuni za Uingereza za uwekaji wa nyaya hutaka waya uliozikwa kwa kina kisichofika milimita 50 ufuate njia zinazotabirika, yaani upande wima au ulale mlalo kutoka kwenye soketi au swichi, ili mtu akiona soketi ajue pa kutopigilia msumari. Waya unaokatiza ukuta kimshazari kwa sababu fundi alitaka kuokoa mita mbili ni mtego. Uzikwe ndani ya bomba lake peke yake, na kabla ya lipu ukuta upigwe picha huku kipimo cha futi kimeegemezwa hapo. Simu za leo zimejaa picha za sahani za chakula. Nafasi ya picha ya ukuta haikosekani.

Mara nyingine mimi huifikiria ile nyumba ya Kisomali iitwayo aqal, wanayoijenga akina mama kwa fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa. Niliwahi kuona ikibomolewa nje ya mji, familia ikihama. Kila fundo lilijulikana lilipo. Mama aliupeleka mkono ndani ya mikeka bila kutazama, akavuta, kamba ikalegea, na kabla jua halijawa kali nyumba nzima ilikuwa mgongoni mwa ngamia. Mafundo yale pia hayaonekani kwa mgeni aliyeketi ndani. Sisi tuliohamia kwenye saruji tumeupata ukuta usiohama, na tumeupoteza ule mkono unaojua fundo liko wapi.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi kuna spika zisizo na waya, basi mzozo umekwisha. Nimeziona. Huondoa waya wa sauti, naam, lakini kila moja hudai waya wa umeme au betri ya kuchajiwa. Aliyekuwa na waya mpole mmoja kwa kila spika sasa ana waya mkali mmoja kwa kila spika. Atauficha wapi?

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa mwenzangu. Nilibeba bisibisi, tochi na betri moja ya volti 1.5. Betri ile ni mchezo ambao wanafunzi huupenda: ukigusisha ncha zake kwenye ncha za waya wa spika kwa kitambo kidogo, spika iliyo upande wa pili hutoa mlio wa "tap", na ngozi yake huchomoza nje ikiwa chanya imekutana na chanya, au hurudi ndani ikiwa fundi amegeuza. Mwanawe aliwekwa nyuma ya chumba atazame ngozi. "Imetoka," akasema. Ya pili: "Imetoka." Ya tatu: "Imeingia!" Babaye akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba sauti aliyoisifu kwa wiki mbili ilikuwa na kasoro, na kweli spika mbili zikivutana kinyume, ule mvumo mzito wa chini hufifia.

Kisha nikamwomba azime swichi kuu, akasita, kwa kuwa Arsenal walikuwa wakicheza. Nikasubiri. Akazima. Tukaifungua ile sahani ya soketi iliyo nyuma ya televisheni, nikamulika kwa tochi ndani ya kisanduku cha chuma. Bomba lilikuwa moja. Ndani yake zilitoka nyaya nene tatu za umeme, na kando yake, mwembamba, mwekundu na mweusi, waya wa spika.

Mwenzangu alikaa juu ya mto asiseme neno. Juu ya kichwa chake, mkono mmoja kutoka pale tulipofungua, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilikuwa imetundikwa kalenda. Mwanawe ndiye aliyeuona kwanza. Akainua kidole, kisha akakirudisha upesi, akauliza kama swichi imezimwa kweli.

"Nenda ukatazame tena," nikamwambia, naye akaenda.